Mume Wangu Anataka Niisifu Peja Iliyonikosesha Kumwosha Mama

Mpendwa Bi Nyawira,

Msaada ninaouomba kwako si wa kubembelezwa, maana waliokuja kunibembeleza wamejaa nyumbani na wote wakimaliza chai huniambia nivumilie na nimsamehe mume wangu, nami nimechoka kuvumilia na sijui kama nitasamehe, kwa hivyo nakuandikia wewe ambaye watu husema huogopi kumwambia mtu ukweli gazetini. Jina langu usilifiche. Naitwa Firdaus, nakaa Kiganjo hapa Thika, na mume wangu ni Irshad.

Irshad alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo, kazi ya kutegemewa, mpaka mwaka jana alipokutana na watu wa kampuni moja ya Nairobi wanaouza peja, kile kidude kidogo cha kuvaa kwenye mshipi ambacho mtu akikutafuta anapiga simu kwa opareta, anamwambia ujumbe, opareta anauandika, na maneno yanatokea kwenye kioo chako papo hapo huku kinalia. Akaacha kazi, akawa ajenti wao wa Thika na Ruiru. Aliniambia kabla mwaka haujaisha hakuna mtu atakayempa kondakta wa matatu ujumbe tena wala kuitwa kwa simu ya dukani, wote watahamia peja. Mwaka umeisha, hawajahama, na kila jioni anaingia nyumbani akiniuliza watu wa Thika wana nini.

Nikueleze sisi tulivyokuwa tukipata habari. Jirani yetu Benta, mama Mjaluo, ana duka lenye simu, na mtaa mzima umewapa jamaa zao nambari hiyo. Ikiwa ni simu ya kawaida, Benta husimama mlangoni akakuita kwa jina mpaka ukaja unakimbia na kandambili mguu mmoja. Ikiwa ya msiba, haiti mtu. Baba yangu alipofariki, kaka yangu Ayub alipiga kutoka Ruiru akamwambia Benta kwamba mzee hajisikii vizuri, nije leo, maana kwetu, na nadhani hata kwenu, mtu hapigi simu akasema fulani amekufa, husema hajisikii vizuri, na aliye mtu mzima anajua. Benta aliisikia sauti ya Ayub akajua. Alifunga duka, akaja kwangu, akaketi, akamchukua mtoto mikononi mwangu kwanza, ndipo akaniambia nijiandae anisindikize Ruiru, lakini tangu alipomchukua mtoto mimi nilikuwa nimeshajua.

Basi huyo huyo Benta, Irshad alimwendea dukani mbele ya wateja akamwambia asipokee tena simu ya mtu yeyote wa nyumba yetu, kwamba anamharibia biashara, kwamba watu watanunuaje peja na mke wa ajenti mwenyewe anaitwa kwa kelele dukani. Benta hakujibu neno. Kisha Irshad akaenda Ruiru akawaapisha ndugu zangu wapige kwa opareta tu, na mimi akaniletea peja yangu, nikakaa nayo wiki moja, akaichukua akaivaa yeye upande wa pili wa mshipi, eti ajenti mwenye peja mbili anaaminika zaidi.

Mwezi uliopita mama alifariki, asubuhi. Ayub akapiga kwa opareta. Huko kuna msichana asiyemjua, na Ayub angemwambiaje msichana asiyemjua aandike kwa mashine kwamba mama yetu amekufa? Akasema yale yale tunayosema siku zote, mama hajisikii vizuri, Firdaus aje nyumbani leo. Ikaandikwa hivyo, ikatumwa, ikalia. Ililia kwenye mshipi wa Irshad akiwa mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la bwana mmoja anayeitwa Khisa, akijaribu kumuuzia, na Bi Nyawira, mume wangu alifurahi iliposikika. Aliwaita hata wateja waliokuwamo waje waone habari inavyotoka Ruiru kufumba na kufumbua, ikapita mkono kwa mkono, kifo cha mama yangu kikasomwa na watu waliokuja kununua misumari. Kisha akairudisha kwenye mshipi akaendelea na mizunguko yake.

Aliniambia baada ya magharibi, akivua viatu. Alisema mama yako ni mgonjwa wa siku zote, ningejuaje.

Mimi ndiye binti pekee. Kumwosha mama ilikuwa haki yangu, na mwenyewe aliniusia akiwa mzima, akicheka, kwamba nisimwachie mtu mwingine kwa sababu ana mtekenyo. Walinisubiri mpaka adhuhuri, wakanisubiri tena, lakini sisi Waislamu hatuweki maiti, wakamzika baada ya alasiri. Aliyemwosha ni wifi yangu Nadira na wanawake wa msikitini. Kutoka Thika mpaka Ruiru ni mwendo mfupi namna hiyo, na mimi nilifika nikakuta wanakunja mikeka. Ayub hakunipa mkono. Aliniuliza swali moja tu.

"Tulikuita asubuhi. Ulikuwa unangoja nini?"

Sikuweza kumjibu, na tangu siku hiyo hatusemi.

Siku chache baadaye Khisa alikuja Kiganjo kutupa pole, mtu ambaye hata si wa dini yetu, na hapo ndipo nikajua mengine. Alisema Irshad akiwa ameketi papo hapo, "Mama, mimi nilimwambia hii si ugonjwa, enda nyumbani. Akanicheka." Irshad akainamia kikombe chake.

Sasa habari imeenea hapa Thika, waliokuwa wamenunua peja wanazirudisha, na kampuni imesikia. Wakubwa wao wanakuja Thika Jumamosi ijayo, wamekodi ukumbi, watu wamealikwa, na Irshad ameshawaalika hata ndugu zangu. Anataka nisimame niseme chombo hakikukosea, kosa ni la Ayub aliyeshindwa kusema wazi. Nikikataa, anasema uajenti utakwenda na hana pa kurudi, kiwandani wameshaweka mtu mwingine. Nikikubali, nitakuwa nimemvua nguo kaka yangu mbele ya watu, na nikishampoteza Ayub sina tena kwetu. Jana alinishika mkono akaniambia, "Wewe simama tu useme ilifika. Si ilifika?"

Nimeshindwa kumjibu, Bi Nyawira, kwa sababu ni kweli ilifika. Nifanye nini?

Firdaus
Kiganjo, Thika

BI NYAWIRA ANAJIBU

Firdaus,

Pole kwa kuondokewa na mama. Pole hiyo inatoka moyoni, na inaishia hapo, maana nimesoma barua yako mara mbili na kila nikifika pale kwa watu wa misumari damu inanichemka.

Nianze na mumeo. Usiniambie hakujua. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, aliyemzika mkwe wake, anasoma "Firdaus aje nyumbani leo" na hajui? Khisa alijua, na hamjui mama yako hata kwa sura. Irshad hakutaka kujua, kwa sababu angejua angelazimika kufunga mkoba na kuacha mauzo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huku kwenu guu lililovunjika ni lako, yeye anatembea na anakodiwa ukumbi.

Na hao wanaokunywa chai yako wakikwambia usamehe, waulize unamsamehe nani. Mtu aliyekuomba msamaha? Mimi barua nzima sijamsikia akiomba. Nimemsikia akitafuta shahidi.

Wewe nawe sitakuacha. Umeniandikia kwamba Benta alitukanwa dukani na hakujibu neno. Na wewe ulijibu nini? Mwanamke aliyefunga duka lake akaja kumpokea mtoto wako mikononi siku ya msiba, anadhalilishwa mbele ya wateja, na wewe unanyamaza tu. Kisha ukapewa peja, ukanyang'anywa, ukanyamaza tena. Halafu kuna kubwa zaidi. Ayub alikuuliza ulikuwa unangoja nini, ukasema hukuweza kumjibu. Hukuweza kwa nini? Jibu ulikuwa nalo: peja haikuwa kwangu, ilikuwa kwa Irshad. Mpaka leo Ayub anaamini dada yake alisoma habari ya mama asubuhi akakaa Kiganjo mpaka usiku ukaingia. Unaificha aibu ya mumeo, na anayelipa ni kaka yako. Acha hiyo kazi, haina mshahara.

Irshad anauliza kila jioni watu wa Thika wana nini. Msomee hapa. Hawana kitu, bwana. Si washamba na hawaogopi kidude. Watahama siku wakitaka, kama walivyohama kutoka kwa kondakta kwenda kwa simu ya Benta. Lakini kabla ya kuhama mtu huuliza, habari yangu ikifika itaangukia mikononi mwa nani? Kwa Benta walijua. Kwako wamejua pia, ndiyo maana wanakurudishia.

Sasa fanya hivi, dada, na usiniandikie tena kabla hujafanya. Leo, ukishaweka gazeti hili chini, nenda kwa Benta. Usiagize mtu. Mwambie ulikosea kunyamaza, na umwombe apokee simu zako kama zamani. Hiyo ni simu yake na habari ni zako, Irshad hana sauti hapo.

Kabla ya Jumamosi, mwambie Irshad mnakwenda Ruiru pamoja. Huko aongee yeye, mbele ya Ayub na Nadira, kwa kinywa chake: niliisoma mimi, niliambiwa niende nyumbani, nikacheka. Akisema hivyo, umemaliza. Jumamosi wewe baki nyumbani, auze mali yake kwa maneno yake. Uajenti ukienda, uende. Ana ufundi mikononi, na Thika ina viwanda kuliko hicho kimoja. Kusamehe utaamua mwenyewe baadaye, hapo mimi siingii.

Akikataa kwenda Ruiru, basi nenda ukumbini, uvae vizuri, na akikuita usimame, simama. Usilie, usitukane. Amekuomba useme ilifika, mpe alichoomba. Sema ilifika asubuhi. Sema ilikuwa kwenye mshipi wa mume wangu, akaisoma, akawapa watu dukani wakaisoma, na Khisa akamwambia nenda nyumbani. Sema mimi niliambiwa baada ya magharibi, mama yangu akiwa ameshaoshwa na wengine na yuko kaburini.

Ukimaliza, usirudi kwenye kiti atakachokuwekea kando yake. Pita katikati ya watu mpaka walipo ndugu zako, ukaketi na Ayub.

Bi Nyawira