Mkate Uliolia Mdomoni mwa Shemeji

Mpumudde,
Jinja.
14 Juni 1997

Mpendwa dada Topista,

Pokea salamu zangu na za Brendah. Hapo Namatala mmeamkaje? Mguu wako umepona? Watoto wameacha kukohoa? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Mimi jino moja la mbele limetoka na mkono wa kushoto umefungwa plasta, lakini naandika na wa kulia, kwa hiyo usilie kabla hujamaliza kusoma.

Unajua tangu mume wangu Jude afe, kaka yake Opio anasema atakuja kumchukua Brendah ampeleke kwao. Basi Jumapili alikuja, yeye na Afande Wanyama, mwenzake wa jeshini. Desturi yao naijua: anayekuja kudai mtoto hali chakula cha nyumba ile. Akila, amelikubali jiko, na mtoto anabaki kwa mama. Mimi niliomba kitu kimoja tu, ale.

Nikatengeneza ile saladi niliyofundishwa na madamu wa Nalufenya nilipokuwa nampikia. Mkate wa jana nilikata vipande vidogo vya kukaa kwenye kijiko, nikavikaanga kwenye mafuta yenye kitunguu saumu mpaka vikapata rangi ya ngozi yako. Majani ya letasi nilikausha moja moja, maana maji yakibaki mkate unalegea. Madamu alitia samaki wa kopo. Mimi nikasaga mukene, dagaa wetu hawa, nikachanganya na limau na kiini cha yai. Mkate unautia mwisho kabisa, dada, usisahau, ndipo ulie mdomoni.

Opio akacheka. "Wanyama, ona, shemeji anatulisha majani kama mbuzi!"

Wanyama akala. Opio akakunja mikono, akaanza maneno yake ya kumdai mtoto. Lakini harufu ile! Akiwa bado anagomba, mkono ukaenda wenyewe kwenye bakuli, akachukua kipande cha mkate, akatafuna. Kachu!

"Eh, afande," Wanyama akasema, "sasa si umekula?"

Dada, yule mtu aligeuka. Alinivunjia bakuli kichwani. Akanipiga ngumi ya mdomo, nikaanguka, akanikanyaga mkono mpaka nikausikia ukikatika kama kuni. Anasema nimemroga. Halafu akamvuta Brendah kwa mguu kutoka chini ya meza, na mtoto analia mama, mama. Hapo maumivu sikuyaona tena. Kikaango kilikuwa bado kwenye sigiri ya makaa. Nikakiinua, nikammwagia mafuta begani.

Alilia kama ng'ombe machinjioni. Akashika kiti animalize, ndipo jirani yangu Twaibah akaingia na mchi wa kinu, akampiga nao gotini, akaanguka. "Mwanamume mzima unaua mjane kwa sababu ya mkate?" Wanyama akamkalia mgongoni mpaka watu wa LC, baraza letu la mtaa, wakafika.

Sifurahii kumchoma mtu. Mpaka leo nikikaanga kitu naisikia ile ngozi.

Jumatano mwenyekiti wa LC akatuita, na wazee wa kwao wakaja. Opio, bandeji mpaka shingoni, akasema hakula, alitema.

Mwenyekiti akamgeukia Wanyama.

"Alimeza, bwana mwenyekiti. Meno yake niliyasikia kutoka upande wangu wa meza."

Wazee wakatazamana. Mkubwa wao akasimama, akamwambia Opio, "Chukua kofia yako, twende." Akamshika kichwa Brendah wangu, akatoka. Mtoto hawakumtaja tena.

Plasta ikitoka nataka kuanza kupikia watu kwenye sherehe. Uje unisaidie kuanza. Ukija niletee bakuli la mbao, hilo halivunjiki kichwani mwa mtu.

Nisalimie shemeji Magidu, mama yetu Namono, na watoto wote. Mungu awafunike kama kuku anavyofunika vifaranga vyake.

Nimefagia damu yote, lakini Brendah bado anaokota vipande vya mkate chini ya kabati. Sasa hivi amekaa hapa miguuni pangu, anatafuna. Vinalia bado.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gorreti