Salamu za Kanjiro kwa Isaku

Mpendwa dada Tokie,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bwana Isaku, na kwamba baridi ya huko kaskazini haimsumbui sana magoti. Mimi mwili hauna neno. Huku matunda ya kaki yameiva. Nimeyamenya na kuyatundika chini ya upenu yakauke, mengi kama kila mwaka, nikasahau kwamba safari hii mlaji ni mmoja.

Asanteni kwa udi mliotuma kwa ajili ya marehemu mume wangu. Nauwasha kila asubuhi mbele ya picha yake, na kando yake naweka chai, maana unajua Kanjiro hakuwa na neno la maana kabla ya chai.

Uliuliza habari za kikundi chetu cha vikaragosi. Tangu halmashauri ikate ruzuku tunaungaunga tu. Msimuliaji na mpiga zeze hawaji tena kutoka mjini, hatuna nauli ya kuwapa, basi tunacheza kwa kanda ya sauti. Kanda haimsubiri mtu. Bibi, kikaragosi wetu mkubwa, akikwama kidogo, sauti inasonga mbele, naye anabaki akilia wakati kilio kimekwisha. Watoto waliokuja kujifunza Jumamosi nao wamepotea, kwa sababu ukumbi sasa haufunguliwi bila malipo.

Pengo kubwa zaidi ni la Isaku. Miaka yote Kanjiro alishika kichwa na mkono wa kulia wa bibi, Isaku mkono wa kushoto, mimi chini na ngumi zangu ndani ya pindo la kimono, kwa kuwa bibi hana miguu na ngumi zangu ndizo zinazomtembeza. Isaku alipoondoka hakuna aliyeuweza ule mkono. Kwenye sikukuu ya kiangazi tuliufunga kwenye mshipi, tukacheza hivyo hivyo. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti eti huyu bibi kavunjika mkono, mbona hapelekwi hospitali? Watu wakaangua kicheko. Nilimsikia Kanjiro akishusha pumzi ndani ya kofia yake nyeusi ya kufunika uso. Ule ndio ulikuwa mchezo wake wa mwisho.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Diwani alisimama kwenye kikao cha halmashauri cha kujadili ruzuku akasema kwamba hata wenyewe wa kikundi wanakiri huu ni mchezo wa wazee wa kupitishia muda, mji usijisumbue. Kanjiro alirudi nyumbani akashindwa kula. Alisema angekuwa radhi huyo mwenzetu aliyekiri hayo amzabe kofi hadharani kuliko kumsema hivyo kwa wageni. Kila mtu akauliza ni nani kati yetu. Kwa kuwa Isaku ndiye aliyempeleka stesheni kwa kigari chake yule afisa kijana wa halmashauri aliyekuja kuulizia kikundi, wakamshika yeye. Shimeno wa duka la vitambaa alimwambia usoni eti mkono wa kushoto umezoea kufanya mambo yake bila kuonekana. Isaku hakubishana. Alisema kama ndugu zake wanamwona hivyo, basi, akaikunja kofia yake akaiweka juu ya sanduku la bibi. Mkahamia kwa binti yenu kabla maua hayajaisha mitini.

Tokie, si Isaku. Ni mimi.

Afisa yule alipita kwetu kwanza. Kanjiro alikuwa shambani kwenye vitunguu. Nilimkaribisha chai na maandazi ya mchele, naye akasifu, akasema ameambiwa kazi ya mume wangu ni hazina ya mji. Nikamjibu tunavyojibu sote. Mgeni akisifu chakula chetu tunasema hakina ladha, akimsifu mtoto tunasema ni mzito wa kichwa. Nami nikasema, ah, hazina gani, ni mchezo wa wazee wa kupitishia muda, msijisumbue kwa ajili yetu. Nikainama, nikamwongeza chai. Moyoni nilikuwa najivuna, dada. Alicheka, nikadhani ameelewa. Labda alielewa, ila maneno yalimfaa.

Jioni ya kikao, Kanjiro aliposusa chakula, nilisimama na mwiko mkononi nikajiambia nitamwambia akishapoa. Kabla hajapoa lawama ikawa imemwangukia Isaku. Nami nilinyamaza hata siku uliyokuja kuniaga, ukalia begani pangu ukiuliza ni nani aliyewafanyia hivi. Nilikupigapiga mgongo.

Hospitalini Kanjiro alinishika mkono akasema nimwambie Isaku amemsamehe, arudi aushike ule mkono wa bibi. Nikamjibu nitamwambia. Hata hapo sikufungua kinywa. Niliogopa atakufa akinitazama kwa macho mengine.

Jumapili kikundi kinakutana, na nitalisema mbele ya wote, Shimeno akiwepo. Nimeona ninyi mlisikie kwanza. Siombi mrudi, wala simwombi Isaku kitu. Salamu za Kanjiro nimezibeba tangu mazishi na sina namna ya kuzifikisha. Alimsamehe mtu asiye na kosa. Mwenye kosa alikuwa ameketi ubavuni pake, akimshikia kikombe cha maji.

Msalimie binti yako na wajukuu. Mjifunike vizuri theluji ikianza.

Ni mimi,
Fusae