Dua ya Nairobi

Nadira, uko? Wallahi nina hasira.

Si unajua vyuo viwili vimenikubali kusomea udaktari, Nairobi na Kisumu. Jana nilimwambia Mama nimechagua Kisumu. Akasema sawa mwanangu.

Leo kaita watu dua hapa nyumbani, nusu ya mtaa wetu wa Junda imejaa barazani. Maalim kainua mikono: "Mola amsahilishie Salha masomo yake ya Nairobi."

Nairobi, Nadira. Nairobi.

Nikamfuata Mama jikoni. Akanijibu huku apakua biriani, hata hakunitazama: "Kule kuna shangazi yako. Na dua ishasomwa, wataka nikawaambie watu waitikie upya?"

Kinachoniuma zaidi, wote walikuwa wanitazama. Na mimi nikaitikia amin.