Kumpeleka Aisha Akanyonye

Bondeni, Nakuru. Jumanne, masika ya mwaka wa hamsini na nne. Mvua imepiga tangu adhuhuri na sasa yamebaki manyunyu tu juu ya mabati.

Nimechoka hoi bin taabani.

Tangu mke wangu Zainabu apasuliwe tumbo, siku zangu zimekuwa njia moja ninayoirudia: nyumbani, hospitali, kazini, nyumbani, hospitali tena. Mtoto wetu Aisha ana miezi minne na hataki chupa. Jirani yetu Bi Mwanakombo, anayekaa naye mchana nikiwa kazini, amejaribu maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, amejaribu uji mwepesi. Vyote vinatemwa. Mtoto analia mpaka sauti inakauka, anataka titi la mama yake basi. Hospitali haikubali mtoto asiyeumwa alale wodini, lakini sista mmoja alituonea huruma, akasema nimlete asubuhi na jioni anyonye, kisha niondoke naye.

Mama mkwe angekuja kunisaidia. Yuko Elburgon, baba mkwe anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko, na katika Emajensi hii, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, hakuna anayepanda gari bila kibali. Ameomba. Anangoja. Mimi pia nangoja.

Basi ni mimi.

Nilizaliwa katika mji huu. Nimeuzunguka kwa baiskeli tangu utoto na sikuwahi kuona kwamba una vilima. Sasa nakijua kila kilima, kila mtaro usio na daraja, kila mahali lori linaporusha maji machafu. Ukiwa na mtoto mikononi huwezi kuruka dimbwi, huwezi kukimbia, huwezi hata kujifuta jasho. Na watu wa mjini hawakupishi. Wanawake wakipita na watoto wao mgongoni sikuwahi kuwatazama mara mbili. Siku hizi nawatazama sana.

Siku zote hizi nilikuwa namkumbatia kifuani. Jana mikono ilikufa ganzi nikakaribia kumwangusha karibu na reli. Sikumwambia mtu, lakini nadhani Bi Mwanakombo aliona nilivyokuwa nikijikanda barazani usiku. Leo nilipotoka kazini kumchukua Aisha nikamkuta Bi amekwisha kukunja leso yake ya kujifunga.

"Geuka," akasema.

Nikamwambia Bi, mwanamume habebi mtoto hivyo.

"Wanawake nao hawakuumbwa na mikono ya chuma. Geuka, mwanangu, mtoto ana njaa."

Nikageuka. Alimpandisha Aisha mgongoni, akanizungushia leso, akaikaza kifuani kwangu. Mara moja nikaona jinsi uzito ulivyopungua. Ni mtoto yule yule, lakini mikono yangu ilikuwa huru.

Kisha nikavaa koti langu la mvua juu ya vyote. Hapa kwenye daftari langu sina sababu ya kudanganya. Mvua ilikuwepo, ndiyo, lakini koti lile nililivaa kuficha leso.

Na kwa sababu hiyo hiyo sikupita njia yangu ya kawaida. Pale karibu na soko pana meza ya kahawa ambapo makarani wenzangu wa godauni la reli hukaa jioni. Sikutaka wanione. Nikachepuka, nikapita nyuma ya maduka, kwenye kichochoro chenye tope mpaka kwenye vifundo.

Huko nyuma ndiko nilikokutana na askari.

Alikuwa amesimama chini ya kibaraza akijikinga mvua, bunduki mkononi. Aliona mtu amevaa koti refu, amevimba mgongo, anapita uchochoroni wakati watu wote wako barabarani. Mimi pia ningemshuku mtu huyo. Nilikuwa nimekwisha kumpita aliponiita.

"Simama hapo. Iko nini huko nyuma?"

"Mtoto, afande."

"Mtoto ya nani?"

"Wangu."

Hakuniamini. Aliniinulia bunduki, akaniamuru nivue koti polepole na nisigeuke. Vifungo vilivyolowa vikakataa kufunguka. Nilichokuwa nafikiri ni kimoja tu, kwamba bunduki ile imeelekezwa mgongoni kwangu na mgongoni kwangu yuko Aisha. Nilitaka kumwambia aje ailenge mbele. 

Koti lilipoanguka, mvua ikampiga mtoto kichwani, naye akapiga yowe.

Askari akashusha bunduki. Akaomba kipande changu cha kitambulisho, akakisoma, akauliza mama yake yuko wapi. Nikamjibu. Akanirudishia kipande, akatazama pembeni.

"Vaa koti. Mtoto analowa."

 Nilitembea mpaka nikapotea machoni pake, kisha nikaegemea ukuta. 

Nilifika hospitali nimechelewa. Wageni wa jioni walikuwa wamekwisha kutoka na lango limefungwa. Mzee wa langoni alinieleza kwa upole kwamba sista yule aliyeniruhusu hayupo zamu, na kwamba yeye hawezi kufungua bila amri. Nilimsihi. Akaniambia nirudi asubuhi. Nikamwonyesha mtoto, akasema anamwona, anamsikia, lakini kazi ni kazi, naye ana watoto pia wanaomtegemea.

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nikasimama tu pale kwenye waya wa ua, Aisha akilia kwa ile sauti yake iliyokauka, na nikaanza kufikiri jinsi nitakavyorudi naye Bondeni na njaa yake.

Ndipo mzee akageuza kichwa kuangalia wodi.

Zainabu alikuwa mlangoni.

Niseme kwanza kwamba tangu apasuliwe hakuwahi kushuka kitandani. Wauguzi wamembembeleza, wamemkaripia, wamemwambia asipotembea hatapona. Alikuwa akilia na kusema nyuzi zitakatika. Na huyo hapo, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, hana kitu kichwani wala miguuni, anakuja kwa hatua za mtu anayejifunza kutembea.

Alikuwa amemsikia mtoto.

Mzee hakungoja amri tena. Alifungua lango, na muuguzi akatoka mbio kumshika Zainabu. Tukarudi naye ndani sote, polepole sana.

Aisha alinyonya huku akikoroma kama kipaka. Maziwa yamepungua, Zainabu anasema anahisi hivyo, lakini yalitoka. Nilikaa chini karibu na kitanda kwa kuwa sikuweza kusimama tena. Nilikuwa nimevua koti bila kufikiri, na wanawake wa vitanda vya jirani wakaona leso shingoni kwangu. Wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama leo nimekuja kujifungua. Uso uliniwaka moto.

Sikumweleza Zainabu habari za askari. Nitamweleza akipona.

Mtoto aliposinzia, Zainabu hakunikabidhi. Aliniambia nipige magoti kando ya kitanda nimpe mgongo. Akamweka Aisha mwenyewe, akaipitisha leso, akafunga fundo kifuani kwangu kwa vidole vyake visivyo na nguvu. Alilivuta mara kadhaa mpaka akaridhika. 

"Usimfunike kichwa tena," akasema. "Anapenda kuona anakopita."

Nikachukua koti mkononi.

Mvua ilikuwa imepungua. Nilirudi kwa barabara kubwa, taa za maduka zikimulika lami, mtoto akiwa wazi mgongoni kwangu, na kila aliyetaka kutazama akatazama. Kwenye meza ya kahawa mmoja wa wenzangu alicheka. Wengine walinisogezea nafasi na kuniuliza hali ya mgonjwa. Nikawaambia ametembea. Nililisema neno hilo, nikaaga haraka.

Sijui maziwa yatadumu hadi lini. Sijui kibali cha mama mkwe kitatoka lini, wala msimamizi atanivumilia kwa muda gani nikiingia kazini nimechelewa na matope mpaka magotini. Nimechoka kiasi kwamba hata herufi zangu zinainama.

Haya naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo. Aisha yuko mgongoni, amelala, anapumua shingoni kwangu, na fundo lile alilofunga Zainabu bado sijalifungua. Nikikaa ataamka.

Basi sikai.