Mboga Sikuzigusa

Mwenzangu, pokea simu. Nimekwisha.

Yale maua ya kuliwa niliyootesha kwa mbegu katikati ya mchicha, ukanicheka? Leo nimewapambia wakwe saladi. Wamekula, wamesifu, baba mkwe akaongeza.

Sasa tunaosha vyombo, mama mkwe ananiambia kwa upole kabisa: "Jana nilikupigia dawa ya wadudu bustanini. Usiogope, mboga sikuzigusa. Nimepulizia maua tu."

Maua tu. Anasema maua tu.

Yeye alidhani ya kwenye saladi nimenunua.

Maua yale huwasha ulimi kidogo kama pilipili, ndivyo yalivyo, najiambia hivyo hivyo.

Ila baba mkwe anaita sebuleni: "Mama, mbona midomo yangu siisikii?"