Kitenge cha Wakwe Kwenye Milango ya Gari

Mika mjukuu wangu,

Maharage yako jikoni, bado chumvi. Paneli za ndani za milango ya gari lako ziko uani juu ya mkeka. Wingu likitanda ziingize ndani, gundi haijashika. ~~Ukisahau, zinyeshewe tu.~~ Ziingize, nimesema.

Nimevuka mpaka kwenda Nakonde. Asubuhi nimefungua sanduku nitoe kitenge cha wakwe, kile chekundu cha maua ya njano walichoniletea siku ya posa ya dada yako Ikupa, nikakuta vipande. Kutoka nje, kumbe umekibandika kwenye paneli zako, na kona umezikunja vizuri kabisa. Gari limependeza kuliko bibi yako. Nawe ukanijibu eti, “Bibi, si unavyo vitenge vingi?” Ninavyo. Lakini kwetu, bibi asipokivaa kitenge cha wakwe siku wanapoleta ng'ombe, amemkataa bwana harusi. Na wanakuja kesho.

Sikukufokea kwa sababu Ikupa alikuwa anafagia pale karibu. Hajui. Usimwambie, ameshasuka na nywele.

Usikibandue, utakichana bure. Nimechukua kipande kimoja nikamwonyeshe Mama Fides, muuza vitenge wa kule. Akikosa cha kufanana, kesho rudishia paneli zako kwenye milango, uliegeshe gari mbele ya wageni, uwafungulie waone kitenge chao kilipo. Utaeleza wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nimemshika Ikupa mkono.

Bibi yako