Neno Ambalo Kioko Hakuandika

Jumatatu, 6 Machi 2006
Saiba tena, kwenye kompyuta za kulipia, Moi Avenue. Ripoti ya duka la maua. Wakenya walio ng'ambo huagiza humo maua ya jamaa zao hapa Nairobi. Mimi nina ukurasa wangu mtandaoni wa kuwaelekeza. Mtu akibonyeza kiungo changu, duka linaacha alama ndani ya kompyuta yake. Kuki, wanaiita. Akirudi kununua, kuki inasema ni mimi niliyemleta, nami napata kamisheni.
Leo hakuna kitu kutoka Uingereza. Kioko yuko huko. Mume wangu. Simu zimekoma tangu Krismasi, nami namtafuta kwenye ripoti.

Jumatano, 8 Machi
Nimepita dukani kumlalamikia Njeri, mwenye duka.
"Kuki inakaa kwa kompyuta moja tu," akasema. "Mtu akusome akiwa job, anunue akiwa kwake, wewe huonekani. Chagua neno. Mteja akiliandika wakati wa kulipa, tutajua ni wako, hata kama kuki haiko."
Nimechagua KANINI, yaani kadogo kwa Kikamba. Kioko peke yake huniita hivyo. Nimeliweka juu kabisa ya ukurasa, nikamtumia barua pepe aone. Hajajibu.

Alhamisi, 16 Machi
KANINI limeandikwa! Kumbe mnunuzi ni wa Marekani. Jioni sikutaka kuongea na mtu. Mtaa wetu wote wa Woodley ulinukia chapati za majirani.

Jumanne, 21 Machi
Mwaitu, mama yake Kioko, amenipigia kutoka kwake, mtaa wa Satellite. Maua ya waridi yamefika. Kadi ina jina la mwanawe, na jina la duka la Njeri chini.
Mbio hadi saiba. Kuki, hakuna. Sawa, kuki hufutwa. Kompyuta hubadilishwa. Nikatafuta neno. Hakuna.
Neno halifutiki. Mtu huliandika au haliandiki.

Jumamosi, 25 Machi
Kioko amepiga. Sauti ileile. Nimemuuliza moja kwa moja.
"Lile neno uliliona?"
"Nililiona."
"Mbona hukuandika?"
Nilisikia redio upande wake.
"Ningeliandika, ungeendelea kuningoja. Sitaki ungoje, Mueni."
Mueni. Hajawahi kuniita hivyo tukiwa wawili.
Nimemuuliza kama kuna mwingine. Amesema hakuna, amechoka tu, hajui atarudi lini wala kama atarudi. Nimemwamini. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na mwingine.
Bado namtaka. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumapili, 2 Aprili
Nimetoka kanisani nikaenda Satellite. Mwaitu alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Tumekula. Ameuliza nani atampeleka kliniki Jumatano. Nimesema mimi. Hakuuliza kama mimi bado ni mke wa mwanawe.
Nimeosha vyombo. Mvua ikaanza. Tukavuta viti mlangoni, tukaitazama.